Jinsi Tekla Margwe Alivyokabidhi Kompyuta Kama Ng'ombe

Shule yetu ya sekondari, iliyopo kati ya Mogitu na Nangwa, imejaliwa wakuu wanne tangu ifunguliwe, mapadri walezi sita, na bodi ambazo idadi yake anaijua Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini mtunza stoo imekuwa naye mmoja tu. Wakuu huja na maono, huondoka na barua ya uhamisho. Tekla Margwe hubaki, akihesabu majembe.

Ana umri wa miaka hamsini na sita. Shule aliiacha darasa la saba, jambo ambalo halijawahi kumzuia kuwasahihisha walioendelea. Baba yake alikuwa dalali wa ng'ombe katika mnada wa Katesh, na binti alikua akifungua vinywa vya mafahali na kusoma meno yao katika umri ambao watoto wengine walikuwa wakikariri katekisimu. Kwa sababu hiyo haamini kitu chochote kinachong'aa. Ng'ombe aliyepakwa mafuta asubuhi ya mnada, husema, ana kidonda mahali fulani. Ni mcha Mungu, tena wa kweli. Rozari yake haikosi siku. Lakini husali akiwa amefumbua jicho moja, maana dirisha la stoo halina nondo, na anafahamu kwamba malaika walinzi wa shule za bweni wamezidiwa na kazi.

Mwanamke huyu aliwahi kukosea mara moja, na wilaya nzima ikahakikisha hasahau. Miaka miwili iliyopita parokia moja ya ng'ambo, inayotupenda pasipo kutufahamu, ambayo ndiyo njia iliyo salama zaidi ya kupenda, ilitugharimia vishikwambi thelathini. Tekla alitumwa Arusha kuvichagua, kwa kuwa alikuwa mtu pekee ambaye hakuna aliyemshuku kwamba angerudi na simu mpya. Alivichagua kwa siku moja, dukani, chini ya taa za muuzaji. Vilikuja vikiwa na majalada ya bluu, vikanyunyiziwa maji ya baraka, na kabla ya muhula kwisha vyote thelathini vilikuwa vimekufa. Baraka ilikuwa halali, nilikuwapo. Hitilafu ilikuwa katika plastiki. Tundu la kuchajia lilikuwa jepesi kama ganda la yai, na wanafunzi wetu, waliolelewa wakifunga maksai nira, huchomeka waya kwa nguvu ile ile. Tangu hapo watu wa Katesh walimwita Mama Kishikwambi. Aliitika kila mara, bila kununa. Lakini aliacha kabisa kwenda mnadani.

Mwaka huu barua ilikuja tena. Wafadhili walikuwa tayari kulipia kompyuta mpakato arobaini, ambazo wanafunzi wangesomea shuleni na kwenda nazo nyumbani wakati wa likizo. Hii, waliandika kwa upole wa kutisha, ingekuwa mara ya mwisho. Bodi, ambayo mimi ni katibu wake kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, ilikaa kumtafuta mtu wa kuchagua. Ulitanda ukimya ambao sijapata kuusikia hata katika mafungo ya kiroho. Ndipo mkuu wa shule, Mwalimu Wolfgang, aliposema kwamba aliyebomoa ndiye ajenge. Tekla achague tena. Na akikosea safari hii, akabidhi stoo, aende nyumbani kwake akapumzike.

"Nimesikia, Mkuu," alisema Tekla. "Na nikipatia?"

"Ukipatia tutamshukuru Mungu."

"Nilijua tu. Lawama ni yangu, shukrani ni yake."

Padri mlezi alikohoa kwa muda, na kikohozi kile mimi nilikitambua kuwa ni kicheko.

Mwishoni mwa Mei alikuja kijana aitwaye Kelvin, wakala wa muuzaji mmoja wa mjini, akiwa amevaa viatu vyeupe, jambo lililotuonyesha kwamba hakuwahi kufika Mogitu. Alipanga kompyuta tatu juu ya meza ya ofisi. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba kiasi kwamba Mwalimu Wolfgang aliipokea kwa viganja viwili, kama mtu anayepokea komunyo. Ya pili ilikuwa ya kijani, imezungushiwa mpira pembeni, imetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Ya tatu ilikuwa nyeusi na nene, mgongoni ina alama ya gundi mahali palipobanduliwa lebo ya mwajiri wake wa zamani. Ilipowekwa mezani, vikombe vya chai vilitikisika.

"Shikamoo, mama," alisema Kelvin.

"Marahaba. Hizi ni nzima?"

"Nzima kabisa. Hii ya silva ndiyo yenyewe, mama. Wakubwa wote mjini wanatembea na hii."

"Wakubwa hawachungi. Na hii nyeusi?"

"Hiyo nimeileta kujaza meza tu. Ni mtumba. Imefanya kazi ofisini huko Ulaya miaka sita."

"Miaka sita, na bado inapumua?" Tekla aliinyanyua, akaipima uzito, akaigonga tumboni kwa kifundo cha kidole. "Mimi nimefanya kazi hapa miaka ishirini na tisa. Umeniita mama, hukuniita mtumba."

Mwalimu Wolfgang alikuwa ameshatoa kalamu. Alitaka jambo limalizike siku ile ile, na alikuwa na hoja. "Wafadhili wanapenda picha," alisema. "Hii nyembamba itapendeza kwenye picha. Hiyo nyeusi, mtoto akiishika ataonekana kama anatumikia adhabu."

"Mkuu, ng'ombe hanunuliwi siku aliyoonekana. Mimi nilishanunua hivyo, na jina nililopewa unalijua. Nataka zikakabidhiwe kwanza."

Hapa yanipasa kueleza desturi, kwa ajili ya wasomaji wanaomfahamu ng'ombe akiwa kwenye sahani tu. Kwetu sisi, Wairaqw na Wadatoga kwa pamoja (na hayo si makabila yaliyozoea kukubaliana), mtu mwenye akili haweki mifugo yake yote katika zizi moja. Humkabidhi ng'ombe mmoja kwa shemeji, mwingine kwa rafiki, wa tatu kwa mtu wa mbali ambaye majirani hawamjui. Anayepokea hunywa maziwa na kutumia samadi. Ndama ni wa mwenye mali. Ng'ombe akifa, aliyekuwa akimlea huleta ngozi, ili ijulikane kwamba hakumuuza wala hakumla kwa siri. Hapaandikwi karatasi yoyote. Nimeisoma sheria ya Warumi tangu ujana wangu, kwa lugha yao wenyewe, na sijakuta humo mkataba uliopangwa vizuri kuliko huu wa watu wasiojua kusoma.

Tekla alitaka kompyuta zile tatu zikakabidhiwe kwa kaya tatu za wanafunzi, kwa wiki tatu za likizo ya Juni, kwa masharti hayo hayo. Kelvin aliruka.

"Mama, hizi ni sampuli! Haziruhusiwi kulala nje."

"Mwanangu, mtu anayekataa ng'ombe wake alale kwa jirani, anajua anakohoa."

Kelvin alitutazama mmoja baada ya mwingine, akitafuta mtu wa kumtetea. Hakumpata. "Sawa," alisema mwishowe. "Ijumaa ya wiki ya tatu, saa sita mchana, nitakuwa hapa. Zote tatu ziwe juu ya meza hii, hata kama zimekufa. Ikikosekana hata moja, mimi na bosi wangu tunapeleka mzigo Singida. Wanausubiri."

"Na mimi nitapokea funguo za stoo," aliongeza Mwalimu Wolfgang, ili pasiwe na shaka.

Ile ya fedha alipewa Benedict, katekista wa Nangwa, ambaye kijana wake yupo kidato cha pili. Ya kijani alipewa mama Agatha wa Mogitu, mjane mwenye binti aitwaye Zita. Nyeusi haikutakiwa na mtu, kwa hiyo alipewa Gidahosh, mfugaji wa Kidatoga kutoka tambarare, ambaye alichelewa kufika. Binti yake Doris yupo kidato cha tatu, na ndiye pekee kidatoni anayesahihisha mitihani kabla ya mwalimu. Mbele ya wote Tekla alitamka masharti: "Maziwa ni yenu, samadi ni yenu. Ndama ni wa shule. Ikifa, leteni ngozi."

Gidahosh aliizunguka kompyuta yake mara moja. "Inakula nini?"

"Umeme."

"Na kunywa?"

"Usithubutu, Gidahosh."

Aliridhika, akaitemea mate kidogo ya baraka kama inavyopasa. Padri mlezi alitazama dirishani.

Kosa la Tekla lilitendeka hapo hapo, mbele ya watu kumi na mmoja wenye elimu, na hakuna aliyeliona. Aliyasema maneno ya ng'ombe mbele ya mfugaji. Na mfugaji huifuata desturi yote, pamoja na zile sehemu ambazo hakuna haja ya kuzitamka.

Siku ya kumi na moja Benedict alifika mlangoni pa stoo, akasimama bila kubisha hodi, amebeba kitu kilichofungwa katika kanga ya mkewe. Tekla alipomwona alielewa. Watu husimama hivyo wakiwa na msiba.

"Imekufa?"

"Imekufa, mama Tekla. Nimeleta ngozi."

Aliifungua kanga taratibu. Kioo kilikuwa kimepasuka, nyufa zikitoka mahali pamoja na kuenea pande zote.

"Imeanguka?"

"Haijaanguka hata kidogo. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Kijana akaifunga ili atusaidie, kumbe punje imebaki juu ya vitufe. Tukasikia kak! Basi." Benedict alitia mkono mfukoni. "Na muuaji nimemleta." Akaweka juu ya meza punje moja ya mahindi.

Tekla aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga. Haikuwa na ufa hata mmoja.

"Mbegu gani hii?"

"Ya kienyeji."

"Niwekee debe moja la kupanda."

Mwalimu Wolfgang aliposikia, hakuihuzunikia kompyuta kama alivyoifurahia hoja. Alitangaza kwamba sasa imethibitika: vifaa vikinunuliwa, viwe vya aina yoyote ile, havitavuka geti la shule. Vitakaa kabatini ofisini kwake. Wafadhili wangepewa picha, na picha haisemi kabati liko wapi. Kati ya tatu Tekla alikuwa amebakiwa na mbili.

Katika wiki ya mwisho, siku ya Jumatatu, mama Agatha alikuja na sanduku la bati kichwani. Ndani yake mlikuwa na mashuka, juu ya mashuka kompyuta ya kijani, na pembeni vidonge vya kufukuza nondo. Ilikuwa safi kuliko siku ilipoondoka.

"Haijaguswa hata na inzi," alisema mama Agatha.

"Zita ameisomea?"

"Aisomee? Kitu cha watu? Aliomba kuiona, nikamwambia achungulie kwenye tundu la kufuli."

"Mama Zita, nilikukabidhi ng'ombe. Wewe umemweka kama sanamu ya Bikira Maria."

"Na sanamu imewahi kuvunjika kwangu?"

Tekla ilimbidi akiri kwamba haijawahi. Lakini ng'ombe ambaye hakukamuliwa kwa wiki tatu hajulikani kama ana maziwa. Na kwa mtu aliyewahi kununua chini ya taa za muuzaji, hilo lilikuwa jambo la kutisha kuliko kioo kilichopasuka.

Jumanne akaja Gidahosh. Alikuja na fimbo yake na shuka lake, akasalimia kwa utulivu, akauliza habari za mvua, za watoto, za mkuu wa shule. Mkononi hakuwa na kitu kingine.

"Iko wapi?" aliuliza Tekla.

"Ipo. Inaendelea vizuri. Nimeikabidhi."

"Umeikabidhi kwa nani?"

"Kwa shemeji yangu Yonas. Yaeda Chini."

Tekla alikaa juu ya gunia. Kutoka kwetu hadi Yaeda Chini ni kuvuka wilaya yote ya Mbulu na kushuka bondeni kwa njia ambayo hata pikipiki huikubali kwa shingo upande. Na zilibaki siku tatu tu kufika Ijumaa.

"Gidahosh! Kwa nini?"

"Watu walianza kuja kuiangalia. Wa kwanza alisema ni nzuri. Wa pili alisema ni nzuri. Wa tatu akaniuliza ninazo ngapi." Alitikisa kichwa. "Hapo nikajua jicho la husuda limeshaingia, nikaitoa. Wewe mwenyewe, mama, ungemwacha zizini ng'ombe anayesifiwa?"

Tekla alifungua kinywa amkemee, kisha akakifunga, maana alikuwa binti wa baba yake. "Nisingemwacha," alisema.

"Unaona? Na Doris ameenda nayo. Mnyama haendi bila mchungaji."

Walijaribu kumpigia Yonas; simu yake haikupatikana, kwa kuwa huko bondeni mtandao huja na kuondoka kama neema. Jumatano Tekla alipanda basi la Haydom, akalala kwa mpwa wake. Alhamisi asubuhi alikodi pikipiki na kushuka, rozari shingoni na kitambaa puani, akisali sala ambazo, kwa maelezo yake mwenyewe, nusu zilikuwa za kuomba na nusu za kulalamika.

Alimkuta Doris mbele ya boma la Yonas, amekaa juu ya kigoda, kompyuta nyeusi imewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa, na mwanambuzi akinusa waya. Doris alisimama upesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Iko hai?"

"Iko hai, mama. Ila imepitia mambo."

Ilikuwa imepitia kweli. Njiani ilidondoka kutoka kwenye pikipiki, ikaangukia korongoni penye maji. Wakaigeuza kifudifudi juani kwa siku mbili, ikawaka. Ndama aliikanyaga, na alama ya kwato ilikuwa bado juu ya kifuniko, kama muhuri wa serikali. Kitufe cha herufi M kilipotea, na mahali pake pakagundishwa kifungo cha shati. Kisha betri ikafa kabisa.

"Betri imekufa, na hii inawaka kwa nini?"

"Fundi wa simu wa hapa senta, mama. Hizi betri yake inachomoka yenyewe, kama droo. Alikuwa na nyingine ya kompyuta kama hii, ya afisa mmoja aliyehama. Tumeweka hiyo. Akaifungua na chini kwa bisibisi ya kawaida, akatoa mchanga, akafunga."

"Mnachajia wapi?"

"Kwenye sola ya kanisa la Walutheri."

Nakiri kwamba taarifa hii iliponifikia niliipokea kwa tahadhari. Lakini kompyuta ya shule ya Kikatoliki ililishwa na Walutheri kwa karibu wiki mbili, nami niliikagua mwenyewe baadaye, na sikuona ndani yake dalili yoyote ya uzushi.

Doris alikuwa amemaliza kazi zote za likizo. Zaidi ya hayo, alikuwa amemwandikia mjomba wake barua ya kuomba chanjo ya ng'ombe, ikachapwa Haydom, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu mtaalamu alikuja. Ndiyo sababu Yonas, mtu mrefu asiye na haraka, alipomkaribisha Tekla kibuyu cha maziwa ya mgando na kusikia alichokifuata, hakusimama.

"Mama," alisema, "ng'ombe wa kukabidhiwa haondoki zizini hivi hivi. Mtu aliyelea vizuri ana haki yake. Mnyama huyu alikufa betri mikononi mwangu, nikamfufua. Mtamba wangu uko wapi?"

Ni kweli. Desturi inasema hivyo: aliyelea vizuri hupewa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, awe wake. Tekla hakuwa na mtamba. Angeweza kuichukua tu. Kompyuta ilikuwa dhamana yake, Doris ni mwanafunzi wake, na hakuna ambaye angemzuia. Kelvin angekuwa mezani kesho saa sita. Alinywa maziwa yote, ili apate muda.

"Zikija zile arobaini," alisema, "moja itashuka hapa na Doris kila likizo, mpaka amalize kidato cha nne. Maziwa yake ni yenu."

"Umeruhusiwa kusema hivyo?"

"Sijaruhusiwa. Mkuu amesema hazitoki getini."

"Lakini umesema."

"Nimesema."

"Basi nimesikia," alisema Yonas, akaenda mwenyewe kuifunga kompyuta katika ngozi ya mbuzi na kuikaza juu ya pikipiki.

Ijumaa, saa sita kasoro dakika nane, tulikuwa ofisini: Mwalimu Wolfgang, padri mlezi, Kelvin na mimi. Juu ya meza kulikuwa na marehemu wa rangi ya fedha na bikira wa rangi ya kijani. Kelvin alikuwa ameshaanza kufunga begi lake, na Mwalimu Wolfgang ameshaandaa maneno machache ya kumuaga mfanyakazi wa muda mrefu, yenye masikitiko ya kiasi. Mlango ukafunguliwa, na vumbi la Yaeda lilikuwa limempaka Tekla kiasi kwamba padri alimwambia, "Karibu, mama, unatokea parokia gani?"

Tekla aliweka ngozi ya mbuzi mezani, akaifungua, akabonyeza. Kompyuta nyeusi iliguna, ikafikiri kidogo, ikawaka.

Kelvin aliisogelea kama mtu aliyeona jamaa yake akirudi kutoka kuzimu. "Hiyo ndiyo ile niliyoileta?" Akagusa kitufe cha M. "Hiki ni nini?"

"Kifungo cha shati."

"Na hii?"

"Kwato."

Alikaa chini. Tekla alimsogezea ile ya kijani. "Sasa nifungulie hii. Nataka kuona betri."

Kelvin aliigeuza huku na huku. "Hii haifunguliwi, mama. Imegundishwa. Ikipata shida inarudishwa kiwandani."

"Kiwanda kiko wapi?"

"China."

"Pikipiki kutoka Yaeda mpaka huko ni bei gani?"

Padri, ambaye amesafiri sana, alianza kuhesabu kwa vidole.

"Nachagua nyeusi," alisema Tekla. "Arobaini, zote za ukoo mmoja, zisichanganywe. Ikifa moja, viungo vyake viponye nyingine. Na uniletee sita ambazo zimekufa tayari."

"Zimekufa?" Kelvin alishangaa. "Mama, sijawahi kuagizwa maiti."

"Za kuchinja. Fundi anahitaji nyama."

Mwalimu Wolfgang aliuliza juu ya picha. Kisha akarudia tangazo lake kwamba, nyeusi au nyeupe, zitakaa kabatini.

"Zitaenda nyumbani, Mkuu. Moja nimeshaiahidi Yaeda."

"Umeahidi kitu ambacho hatujanunua?"

"Wewe huwaahidi kidato cha nne chuo kikuu kila mwaka, na hujawahi kukinunua."

"Tekla! Na zikifa huko majumbani?"

"Zikifa huko, nitaondoka mimi. Lakini hii mnayoiona ilitoka, ikaanguka, ikakanyagwa, na imerudi ikifanya kazi. Ile iliyofungiwa sandukuni hatujui hata kama inajua kusoma. Ukitaka kuzifungia, weka na wewe neno lako: zikifia kabatini, utaondoka wewe."

Mwalimu Wolfgang ni mtu mwenye busara inapomhusu yeye. Alitazama dari. Padri alisema kwamba, kwa maoni yake, Roho Mtakatifu alikuwa amekwisha kusema, tena kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake. Mimi niliandika "imekubaliwa" katika muhtasari kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiri zaidi, maana hiyo ndiyo mamlaka pekee aliyonayo katibu. Kisha nikasoma kwa sauti: arobaini nyeusi, sita maiti, zitatoka likizo, na Tekla Margwe anaendelea na stoo. Tekla aliniomba nirudie hiyo sehemu ya mwisho. Nilirudia.

Mkuu alitia sahihi. Kisha, kwa kuwa wito wake ni wito wake, aliomba apigwe picha akiwa ameishika kompyuta iliyochaguliwa. Alijaribu kuishika kwa mkono mmoja huku akitabasamu, uzito ukamshinda, akaikumbatia kifuani kama mtu aliyeokoa tofali kwenye mafuriko. Tekla hayumo pichani. Alikuwa amekwenda kunawa uso. Picha ilitumwa ng'ambo siku ile ile, na baada ya wiki moja wafadhili walijibu kwa furaha kubwa, wakitupongeza kwa kuchagua kifaa cha kisasa.